Samaki wa Kupaka, Bei kwa Gramu 100: Siku Bili Ilipotushangaza Mombasa

Mwenzetu mmoja wa ofisini alimwahidi mama yake kitu kimoja tangu alipopata kazi: siku moja wataenda kula chakula cha Pwani mahali ambapo mama hatasimama jikoni wala kuosha sahani. Mama huyu ameuza mahamri na mbaazi Mombasa kwa miaka mingi, na hizo ndizo zilizolipa karo ya bintiye. Basi tulipokuwa Mombasa kikazi, ahadi ikatimizwa. Mezani tulikuwa wanne: mama, binti yake, na sisi wawili tulioburutwa kwa nguvu. Mwenyewe alisema wazi, leo ni yeye analipa, mtu asiguse simu.

Alikuwa ametenga Sh14,000 kwenye simu. Aliona zitatosha, na za teksi zibaki.

Hoteli yenyewe ni ya hadhi, zile za vitambaa vyeupe mezani na upepo wa bahari. Menyu ni chakula kile kile tulichokizoea, isipokuwa kimevaa suti. Pweza wa kuchoma. Kamba wa nazi. Biryani ya mbuzi. Wali wa nazi. Kaimati za kumalizia. Mama alivaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akacheka peke yake. "Mwanangu, hizi kaimati ni mia tisa? Zina dhahabu ndani?"

Binti akamwambia asiangalie bei, aagize tu. Kusema kweli hapo ndipo tulipoanza kukosea, lakini nani angemwambia mama aangalie bei siku kama ile?

Mama akaagiza samaki wa kupaka. Kwenye menyu hakukuwa na bei mbele yake, kulikuwa na maneno "bei ya siku". Tukamuuliza weita, naye akajibu kwa adabu kwamba leo kuna tewa, ni 450 kwa gramu 100, akauliza kama tungependa kumwona kabla hajapikwa. Binti akasema hapana, sawa tu, mleteni. Sote tulisikia 450. Hakuna aliyesikia gramu 100.

Chakula kilipokuja, tulisahau mambo ya pesa kabisa. Kama hujawahi kumla samaki wa kupaka akiwa ametengenezwa vizuri, tukueleze kidogo. Samaki hupasuliwa, hupakwa kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na chumvi, kisha huwekwa juu ya makaa. Pembeni kuna tui zito la nazi lililochemshwa na ukwaju na viungo. Akianza kuiva unampaka tui, unamgeuza, unampaka tena, mpaka lile tui linashika na kuungua kidogo pembeni. Ukimpaka mapema mno tui linadondokea makaani. Ukichelewa, samaki anakauka. Ni kazi ya mtu kusimama pale pale na makaa.

Mama alionja kwanza tui peke yake kwa ncha ya kijiko. Tulisubiri kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. "Ukwaju ni wa kweli," akasema, "si ndimu. Na tui halikukatika." Kwa mama huyu hiyo ni gredi A. Biryani nayo akaikagua. Akatukumbusha kwamba wengi huku bara tunaita biryani kitu ambacho ni pilau iliyotiwa rangi. Pilau, wali na nyama hupikwa pamoja chungu kimoja, mchele ukinywa supu na bizari. Biryani, masala ya nyama hupikwa kando na wali kando, vikutane sahanini, na vitunguu vya kukaanga havikosi. Ile ya pale aliipitisha, ila akasema nyama ingekaa zaidi motoni. Kamba wa nazi hakuwa na la kusema juu yake. Alimaliza tu.

Kisha bili ikaja ndani ya kile kijitabu cheusi.

Binti akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Tewa alikuwa na kilo 1.8. Piga hesabu: gramu 1,800 ni mia kumi na nane, mara 450, Sh8,100. Samaki mmoja. Kamba 2,600, biryani 2,200, pweza 1,400, wali wa nazi sahani mbili 1,000, maji ya matunda manne 2,200, kaimati 900. Jumla Sh18,400. Halafu chini yake mstari mwingine: huduma asilimia 10, Sh1,840. Ya kulipa Sh20,240.

Kwenye simu kulikuwa na 14,000. Zimepungua Sh6,240, na mama ameketi mkabala anasema alhamdulillahi, hajala hivi tangu harusi ya dadake.

Ukweli usemwe, hoteli haikututapeli. Bei ilitajwa, samaki tulikataa kumwona, na ile asilimia 10 tuliikuta baadaye imeandikwa ukurasa wa mwisho wa menyu kwa herufi za kutafuta kwa tochi. Hizo herufi ndizo zilizotukera. Mtu akila kwako kwa bei ile anastahili kuambiwa mapema, kwa maandishi ya saizi ya binadamu.

Binti alitaka kuchukua mkopo wa simu pale pale. Tukamkanyaga mguu chini ya meza. Mkopo wa haraka una ada yake, na kuuanza mwezi ukidaiwa kwa ajili ya samaki, hata awe mtamu vipi, ni kujitafutia usingizi mbaya. Sisi wawili tukatoa simu kama watu wanaojibu meseji, kila mmoja akamtumia Sh3,200. Mama hakuona. Au tulidhani hakuona.

Sasa, hapa tuongee kama watu wa malipo. Njia ya bei nafuu ingekuwa kila mmoja kulipa sehemu yake moja kwa moja kwenye till ya hoteli, kwa sababu mteja akilipa bidhaa kwa till hakatwi ada, lakini akimtumia mwenzake pesa, anakatwa. Weita wengi hawana shida bili ikigawanywa; wanachotaka ni jumla itimie na kila malipo yaonekane kwao. Ile ada tuliilipa ili mama asijue. Wewe ukiwa na marafiki tu, hamna mtu wa kufichwa, hivyo gawaneni kwenye till.

Na namba ya till usiipokee kwa mdomo. Isome kwenye bili au kwenye kibao cha mezani, kisha kabla ya kukamilisha malipo angalia jina linalotokea kwenye skrini. Usishtuke likiwa tofauti kidogo na lile la mlangoni, maana hoteli nyingi zimesajiliwa kwa jina la kampuni. Uliza, utaelezwa. Lakini likitokea jina la mtu binafsi, simama hapo hapo, mwite meneja kabla hujakamilisha malipo. Pesa ikishatoka kuirudisha ni safari. Meseji ya malipo nayo usiifute ukiwa mlangoni.

Kuhusu ile mistari ya chini ya bili, wasomaji wetu wengi wanadhani yote ni kodi. Si yote. VAT ni asilimia 16, na kuna ushuru wa utalii wa asilimia 2 unaokwenda kwa Tourism Fund. Hizo ni za serikali, na mara nyingi zimeshahesabiwa ndani ya bei unayoiona kwenye menyu. Bili inazichambua tu ili uzione. Ile "huduma" si ya serikali. Ni hoteli yenyewe imeiweka, na si kila hoteli inayo. Ukiikuta imo, hulazimiki kuacha tena bakshishi juu yake, isipokuwa moyo wako umependa. Ni swali la sekunde tano wakati wa kuagiza: "Bei hizi ni kamili, au kuna kitu kitaongezwa?" Hakuna atakayekuona mshamba. Wenye pesa ndio huuliza zaidi.

Samaki, kaa na kamba koche wakiuzwa kwa uzani, usikubali neno "bei ya siku" likae hewani. Mwambie weita akuletee samaki umwone, apimwe, na akutajie bei yake mzima, si ya gramu 100. Sisi tungemwona yule tewa tungejua mapema kwamba anatosha watu sita, tungeomba mdogo wake, na biryani labda tusingeiagiza. Yule binti sasa ana mtindo mwingine: kabla ya kutoka nyumbani anahamisha pesa za matembezi kando, halafu bajeti ya mezani anaihesabu na robo ya ziada juu.

Samaki alibaki karibu nusu. Mama ndiye aliyeomba afungwe, bila aibu yoyote, na akataka tui lililobaki liwekwe kwenye kikopo chake peke yake. Weita akaleta, akamuuliza mama kama yeye ni mpishi. "Nauza mahamri," mama akasema. Yule kijana akamuuliza anauzia wapi.

Usiku, tukiwa tumeshaachana, simu ya binti ikalia. Mama amemtumia Sh2,000. Binti akazirudisha. Dakika mbili baadaye zikaingia tena.