Saikolojia ya utambuzi

Saikolojia ya utambuzi ni tawi la saikolojia linalochunguza jinsi akili ya binadamu inavyopokea habari, kuzihifadhi na kuzitumia. Mada zake kuu ni umakini, kumbukumbu, lugha, utatuzi wa matatizo na namna watu wanavyofanya maamuzi. Katika vyuo vikuu hufundishwa ndani ya shahada ya saikolojia, na matokeo yake hutumika katika elimu, sheria na ubunifu wa vifaa.

Historia

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima kiasi alichosahau kadiri muda ulivyopita. Aligundua kwamba mtu husahau mengi mapema sana, halafu kasi ya kusahau hupungua.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, hasa nchini Marekani, wanasaikolojia wengi walishikilia kwamba sayansi yao ichunguze tabia zinazoonekana tu, si yanayotokea akilini. Msimamo huo ulidhoofika katika miaka ya 1950. Mwaka 1956 George Miller alieleza kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba takriban vitu saba kwa wakati mmoja. Mwaka 1967 Ulric Neisser alitoa kitabu kilicholieneza jina la tawi hili.

Kumbukumbu na uhakika

Watu wengi hudhani kwamba kumbukumbu ni kama picha iliyohifadhiwa. Utafiti unaonyesha kwamba mtu anapokumbuka, akili yake hulijenga tukio upya, na katika kujenga huko huweza kuchanganya yaliyotokea na yale aliyoyasikia baadaye.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya ajali ya magari. Baadhi waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", na wengine swali hilohilo kwa kitenzi kizito zaidi, chenye maana ya kugongana hadi kupondeka. Baada ya wiki moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu havikuwepo. Hata hivyo, watu 16 kati ya 50 waliosikia kitenzi kizito walisema waliviona, ikilinganishwa na 7 kati ya 50 waliosikia kitenzi chepesi. Neno moja katika swali lilitosha kubadili kumbukumbu.

Matumizi

Katika sheria, matokeo hayo yanagusa ushahidi wa watu walioona tukio kwa macho yao. Nchini Marekani, Ronald Cotton alikamatwa mwaka 1984 katika jimbo la North Carolina baada ya mwathirika wa ubakaji kumtambua akiwa na uhakika kamili. Alikaa gerezani zaidi ya miaka 10, hadi kipimo cha DNA kilipoonyesha mwaka 1995 kwamba mhalifu alikuwa mtu mwingine. Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri kwamba gwaride la utambulisho lisimamiwe na ofisa asiyemjua mtuhumiwa, na shahidi aelezwe kwamba mhalifu huenda hayumo.

Katika elimu, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka bila kutazama maandishi walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko wale waliorudia kusoma. Waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba wangekumbuka. Kugawanya masomo kwa siku kadhaa pia husaidia kuliko kukesha usiku wa kuamkia mtihani.

Katika maisha ya kila siku, namba za simu huandikwa kwa mafungu ya tarakimu mbili, tatu au nne kwa sababu mafungu machache hukumbukwa kwa urahisi kuliko tarakimu nyingi zilizofuatana.

Mipaka

Washiriki wa majaribio mengi wamekuwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya. Hivyo matokeo yake hayawezi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa kweli kwa binadamu wote, na watafiti huhimizwa kuyarudia katika jamii na lugha nyingine.