Asidi Iliyo Chini ya Maharagwe

Mvua za Machi zinapoanza Nairobi, matone ya kwanza huosha moshi uliotanda kiangazi kizima juu ya katikati ya jiji na Waiyaki Way. Moshi huo una gesi za salfa na naitrojeni ambazo, zikichanganyika na maji angani, hugeuka asidi. Mkemia Robert Angus Smith, aliyechunguza mvua za miji ya viwanda Uingereza, alitumia jina "mvua ya asidi" katika kitabu chake cha 1872.

Hata mvua safi ina asidi kidogo. pH yake, yaani kipimo cha asidi, ni takriban 5.6. Nambari hiyo ikishuka kwa moja tu, asidi imeongezeka mara 10. Habari njema ni kwamba Januari 2015 kiwango cha salfa kilichokubaliwa katika dizeli yetu kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500.

Lakini mkulima wa Dagoretti au Kangemi anayelaumu mawingu namwomba kwanza atazame gunia lake la mbolea. DAP, mbolea yetu ya kupandia, ina fosforasi na amoniamu. Bakteria wa udongoni huigeuza amoniamu hiyo kuwa naitreti, na kazi hiyo huzalisha asidi. Kisha mvua kubwa huizamisha naitreti ambayo mimea haijaitumia, ikienda pamoja na kalisi na magnesi. Msimu baada ya msimu, udongo mwekundu wa upande huu wa jiji unazidi kuchachuka.

Wanaoumia kwanza hawaonekani. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imeshikwa na udongo huanza kuyeyuka na kuviza ncha za mizizi. Kuvu wengi hustahimili hali hiyo. Bakteria wengi hawaiwezi. Rizobia, wale wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya maharagwe na kuyalisha naitrojeni ya hewani bila malipo, hudhoofika mapema. Nyungunyungu nao hupungua, na majani makavu huchelewa kuoza. Chuma na alumini hukamata fosforasi, mmea ukaikosa. Mkulima akiona majani yamekuwa ya zambarau hukimbilia dukani kuongeza DAP ileile! Hapo ndipo ninaposikitika zaidi, kwa sababu fedha zake zinanunua ugonjwa.

Huko Kabete, katika kituo cha utafiti ambacho sasa ni cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kuna jaribio la mahindi na maharagwe lililoanza 1976. Kaboni ya udongo ilipungua kadiri miaka ilivyosonga, lakini palipotiwa samadi ilipungua polepole kuliko palipotiwa mbolea ya dukani pekee. Samadi ni chakula cha vijidudu, na pia huupunguzia udongo makali ya asidi.

Maharagwe yako yanapotoa maua, ng'oa shina moja taratibu kwa jembe, ukipasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, rizobia wako kazini. Kikiwa cheupe au kijani, au vinundu vikikosekana kabisa, peleka udongo maabara ukapimwe kabla hujanunua mbolea nyingine. Ikibainika unahitaji chokaa ya kupunguza asidi, itie wiki kadhaa kabla ya mvua, kwani haifanyi kazi kwa siku moja.