Mikono Miwili ya Mwakirunge

Ukitoka kisiwani Mvita ukalivuka daraja la Nyali, ukaipita Kisauni na Kiembeni ukazidi kusonga bara, utafika mahali ambapo minazi ingali inashindana na nyumba kwa wingi. Hapo ndipo Mwakirunge. Siku hizi ukilitaja jina hilo watu wa mjini hukunja pua, kwani tangu jaa la Kibarani lilipofungwa mwaka 2018 taka za Mombasa hupelekwa huko, na malori yake hukutilia vumbi njia nzima. Mimi lakini Mwakirunge naikumbuka kwa jambo jingine, na jambo lenyewe si la kujisifia.

Nilikwenda huko juzijuzi kwa hitima. Marehemu alikuwa mkata mawe zamani, mtu mnene wa mabega na mpole wa maneno. Baada ya kisomo na sahani za pilau kuondolewa, nilisikia kelele za vijana upande wa pili wa uwanja, chini ya mkanju. Nikasogea. Nikaona meza.

Ilikuwa meza ndefu ya kwenda juu, ya kuchezewa kwa kusimama, imegongwa kwa mbao za masanduku. Juu yake vimepigiliwa vipande vinne vya raba: viwili vya kuwekea viwiko, na viwili vya kuupokea mkono utakaolazwa. Kila upande pana kijiti cha chuma cha kushikwa kwa mkono usiocheza. Wenyewe huuita mchezo huo mieleka ya mikono. Sisi tulikuwa tukisema kulazana mikono tu, na meza yetu ilikuwa pipa la mafuta lililopinduliwa na kufunikwa gunia.

Vijana wakaniuliza kama namjua Levan. Nikadhani ni mcheza mpira. Wakacheka, mmoja akanitolea simu yake. Kumbe ni Levan Saginashvili, mtu wa Georgia ile ya Kaukazi, ambaye mkono wake ukiutazama utadhani ni paja la mtu mwingine. Mwezi wa Juni mwaka 2022 alikutana mjini Dubai na Devon Larratt wa Kanada, aliyekuwa askari wa kikosi maalumu, mtu wa ndevu na maneno mengi. Kabla ya siku hiyo Larratt alikwisha kuusisimua ulimwengu mzima wa mchezo huu kwa ulimi wake. Siku yenyewe ilipofika Levan akamlaza raundi 6 kwa bila. Vijana wa Mwakirunge wanazijua zote sita, moja baada ya moja, kama sisi tulivyokuwa tukijua aya za juzuu ya Amma.

Asiyeujua mchezo huu hudhani ni kazi ya misuli basi. Si hivyo. Mwenye vidole virefu na mshiko mgumu hutaka kupanda juu ya vidole vya mwenzake na kumvuta kuelekea kwake, hata kifundo cha mkono wa mwenzake kilegee na kufunguka. Mkono uliofunguka hata ungekuwa wa Levan hauna kazi. Mwenye mkono mfupi mnene hukataa mvuto huo, akakunja kifundo chake ndani na kumbana mwenzake karibu, ngumi kwa ngumi, mpaka mambo yaamuliwe na bega na kifua. Kiwiko kikiinuka kwenye raba ni kosa, na makosa mawili ni kushindwa. Mikono ikiponyokana, mwamuzi huifunga pamoja kwa ukanda wakaanza upya. Mkono wa kulia una mashindano yake na wa kushoto una yake.

Na jambo moja zaidi, ambalo mimi kama mtunga mashairi lilinigusa tangu ujanani. Bondia huanza akiwa mbali na mwenzake. Wacheza mpira hupeana mikono kisha wakaachana. Hawa wawili hushikana mikono, na kule kushikana ndiko mchezo wenyewe. Ni kama malumbano ya mashairi yaliyompa jina Muyaka bin Haji katika mji huu wa Mvita: mshairi anayejibu hulazimika kuushika ubeti wa mpinzani wake, kwa vina vile vile na mizani ile ile, ndipo amlaze. Akikosa wa kumjibu hubaki akijisifu peke yake.

Wenye kuandika historia wanasema mashindano yaliyopangwa vizuri yalianzia Petaluma, mji mdogo wa California, kutokana na mabishano ya kilabuni ya miaka ya 1950, na kufikia mwaka 1962 wakawa wanayaita ya dunia. Mwaka 1968 mchoraji Charles Schulz alimtia mbwa wake wa katuni, Snoopy, katika mashindano hayo magazetini, na mbwa akaondolewa kwa kuwa hana kidole gumba cha kufungia mshiko! Shirikisho la dunia liliundwa mwaka 1977. Na Afrika nayo haikubaki nyuma: katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra mwezi wa Machi mwaka 2024 meza hii ilikuwamo, na wenyeji Ghana wakavuna dhahabu nyingi.

Huku kwetu pwani mchezo uliletwa upya na sinema. Mwaka 1987 ilitoka filamu iitwayo Over the Top, Sylvester Stallone akiwa dereva wa lori anayekwenda kushindania mkono Las Vegas. Mashindano ya kweli yaliyofungamana na filamu hiyo yalifanyika huko mwaka 1986, na kijana John Brzenk akaondoka na lori zima kama zawadi. Sisi hayo hatukuyajua. Tulichokijua ni kwamba Stallone kabla ya kushika mkono huigeuza kofia yake nyuma mbele. Kanda ilipofika katika vibanda vya video vya Kisauni kila kijana akawa anageuza kofia, hata sisi wa kofia za viua, ambazo hazina mbele wala nyuma.

Mwakirunge walikuwako wawili. Majina yao nitayaacha, kwani mmoja ndiye tuliyemsomea hitima na mwingine yu hai. Nitawataja kwa kazi zao. Mkwezi alikuwa mwembamba, mrefu wa mikono, ameshinda minazini tangu utoto. Vidole vyake vilikuwa kama mizizi. Mkata Mawe alikuwa mfupi mnene, na mtaimbo ulikuwa umempa kifundo cha mkono kisichopinda. Kwa hivyo kila mmoja Mwenyezi Mungu alimpa, kwa njia ya kazi yake, silaha ya kumtesa mwenziwe.

Walikutana kila Ijumaa baada ya Alasiri. Hakuna aliyeandika matokeo, na kila mmoja alikuwa na hesabu yake ambayo haikulingana na ya mwenzake. Mkwezi akishindwa alionekana wiki nzima akipanda kwa mkono mmoja mpaka wenye minazi wakamgombeza. Mkata Mawe akishindwa alifunga jiwe kwa kamba, akaliinua na kulishusha kwa vidole vitatu huku akisubiri lori timboni. Walikuwa hawatembeleani. Lakini Mkwezi akikosekana Ijumaa moja, wa kwanza kuuliza habari zake alikuwa Mkata Mawe, na aliuliza kwa uso wa mtu aliyeibiwa.

Sasa nafika palipo pagumu. Mwaka 1988 nilikuwa na miaka 18, na mchezo ule ulikuwa umekwisha kupata sifa hata nje ya Mwakirunge. Wakaanza kuja watu wa dau. Ijumaa moja mwenye lori mmoja aliweka shilingi 500 juu ya gunia kwa ajili ya Mkata Mawe, wengine wakazijibu kwa ajili ya Mkwezi. Nami nilikuwa na shilingi 20 za mama, za mafuta ya taa. Nikazitia kwa Mkwezi. Mimi, niliyekuwa nikiwasomesha wadogo wangu chuoni!

Walishikana. Siku nyingine zote, mmoja wao alipoona mkono umekwenda aliuacha ukalala, akacheka, wakaanza tena. Siku hiyo hapakuwa na kuuacha. Tulikuwa tumewazunguka tukipiga kelele za fedha zetu. Mkono wa Mkwezi ulikuwa umekwisha kuinama nusu, naye akakataa. Akalizungusha bega lake mbele ili asukume kwa uzito wa mwili, na uso wake akaugeuzia upande wa pili, mbali na mkono wake mwenyewe. Leo kila mwamuzi anajua kwamba hiyo ndiyo hatari kubwa ya mchezo huu. Bega likienda huku na mkono ukibaki kule, mfupa wa kati ya bega na kiwiko hukamuliwa kama nguo iliyofuliwa. Sisi hatukujua. Tulisikia mlio mmoja mkavu, kama kuti linapokatika.

Mkata Mawe ndiye aliyempokea asianguke. Watu wakanyamaza, kisha pakatokea sauti moja nyuma ikiuliza kama kuvunjika kunahesabiwa ni kushindwa. Sitasahau sauti hiyo, kwa sababu swali lilikuwa ndani ya kichwa changu pia.

Mkata Mawe alimlaza mwenzake juu ya jamvi. Akazikusanya zile fedha, akamrudishia kila mtu yake. Mwenye lori akasema basi na apewe mgonjwa zote kwa matibabu. Akajibu, "Pesa ya mtu na imrudie mwenyewe." Alipofika kwangu alinitia ile noti ya 20 mkononi, hakusema neno, akanitazama kidogo tu. Kisha akatoa ujira wake wa wiki, akakodi gari, wakaenda hospitali.

Mfupa uliunga. Lakini mfupa huo umezungukwa na mshipa wa fahamu unaoinua kifundo cha mkono, nao ulikuwa umeumia, kwa hivyo kiganja cha Mkwezi kilining'inia miezi mingi kikiwa hakina nguvu hata ya kushika kikombe. Mtu wa minazi bila kiganja! Aliponea polepole, ila juu hakurudi. Akaenda kazini timboni kwa Mkata Mawe, akihesabu mawe na kuandika malori, na huko wakashinda pamoja miaka ishirini na zaidi.

Miaka mingi baadaye, katika darsa, tulifika mahali ambapo Imamu Nawawi katika Minhaj anataja yale yanayofaa kuwekewa dau katika kushindana, na mieleka akaitoa, kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ya Shafi. Kushindana bila dau hakuna ubaya. Sheikh akatueleza kwamba walioruhusu dau wametegemea habari ya Rukana, yule bingwa wa Kikureshi aliyepigana mieleka na Mtume, rehema na amani zimshukie, akaangushwa. Katika upokezi mmoja dau lilikuwa mbuzi na kondoo, na Mtume alipokwisha kushinda akamrudishia Rukana wanyama wake. Wenzangu waliendelea kuandika. Mimi kalamu ilinisimama mkononi, namwona mtu wa timboni ambaye hakuwahi kufungua Minhaj akizunguka na noti za watu.

Basi hapo chini ya mkanju, siku ya hitima, mwamuzi wa vijana alikuwa ni Mkwezi. Ndevu zimekuwa nyeupe zote. Mkono wake wa kulia haunyooki sawasawa, na kwa mkono huo huo ndio huzipanga ngumi za vijana, akahakikisha vidole gumba vinaonekana na vifundo vimesimama wima, kabla ya kuziachia. Nilimsalimu, nikampa pole ya mwenzake. Akaniuliza, "Ulipata mafuta ya taa?" Alikuwa anajua, siku zote hizo.

Kijana mmoja alianza kuzidiwa, akaanza kulizungusha bega. Mzee alizipiga ngumi zote mbili kwa kiganja, akawaachanisha. "Utazame mkono wako," alimwambia. "Usiugeuzie uso. Ukiona umekwenda, uache uende."

"Na wewe, Babu," yule kijana akauliza akijipangusa jasho, "baina yako na marehemu, nani alikuwa zaidi?"

Mzee aliangalia upande wa nyumba, ambako wanawake walikuwa wanakunja majamvi.

"Ile ya mwisho hatukuimaliza," akasema, akawaita wawili wengine waje mezani.