Perpetua, mama aliyeandika akingoja kuuawa

Katika kisa cha Perpetua, anayenisumbua ni baba yake. Mzee huyu hakuwa Mkristo. Alimfuata binti yake, aliyefungwa kwa Ukristo wake, gerezani Karthago, pwani ya Tunisia ya leo, akambusu mikono, akamwangukia miguuni, akimsihi azionee huruma mvi zake na mjukuu wake anayenyonya. Siku ya kesi alizidi kusihi hadi liwali Hilarianus akaamuru atandikwe fimbo hadharani. Binti aliumia kama aliyepigwa yeye. Lakini kutoa sadaka kwa ajili ya makaisari, alikataa katakata.

Tunayajua haya kwa sababu Vibia Perpetua, msomi wa miaka 22, mtoto wa ukoo mkubwa, aliyaandika mwenyewe kwa Kilatini: giza la gereza, joto, askari wenye kudai chochote, na maziwa ambayo hayakumuuma kifuani mtoto alipoacha kuletwa. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo yaliyotufikia.

Felisita, aliyefungwa pamoja naye, hakuandika. Alikuwa mtumwa mwenye mimba ya miezi minane, na sheria ya Kirumi ilikataza mjamzito kuuawa. Alichohofu ni kubaki nyuma, aje afe peke yake kati ya wahalifu. Wenzake wakasali, uchungu ukamshika mle mle gerezani, akajifungua binti ambaye mwanamke Mkristo alimchukua kumlea. Ningetoa njozi zote alizoandika Perpetua, pamoja na ile ya joka chini ya ngazi, nisimuliwe binti huyo alikuaje.

Machi 7, 203, katika michezo ya siku ya kuzaliwa Geta, mwana wa Kaisari Septimius Severus, wanawake hao waliachiwa ng'ombe mkali. Perpetua alipoinuka alijifunga nywele, kwani nywele timutimu zilikuwa za kuomboleza, kisha akamwinua Felisita. Mwishoni, upanga wa kijana asiyezoea kazi ulipogonga mfupa, Perpetua aliushika mkono wa kijana huyo akauelekeza kooni mwake mwenyewe.

Karne mbili baadaye Augustino wa Hippo alikuwa akihubiri kwenye sikukuu yao. Mwaka 1907 Padre Delattre, wa shirika lile lile la White Fathers lililopeleka wamisionari Tabora na Uganda, alipata Karthago maandishi ya jiwe yenye majina yao. Ndiyo majina ambayo akina Perpetua na Felista wa parokia zetu wanabatizwa nayo hadi leo.