Cheti cha polisi kwa ombi la ukaazi wa kudumu: anzia kijijini kabla ya kupanda basi

Mke yuko Kanada, mume yuko Ngara. Fomu zimejazwa, cheti cha ndoa kipo, ada ya ombi imelipwa. Imebaki karatasi moja kutoka polisi, na hiyo ndiyo inayokwamisha mambo yote. Mume anapanda basi, anafika ofisini, anaambiwa jina lililoko kwenye cheti cha kuzaliwa silo lililoko kwenye pasipoti. Anarudi nyumbani, nauli imekwisha na miezi inazidi kwenda.

Wapo watu wa Ngara na Biharamulo wanaoomba ukaazi wa kudumu nje ya nchi, wengine kwa kumfuata mwenzi wa ndoa, wengine kwa sababu ya kazi. Katika makala hii tunaeleza cheti hicho ni nini, kinatafutwa wapi, na kwa nini kazi kubwa hufanyika hapa hapa wilayani kabla ya safari kuanza. Tunatumia Kanada kama mfano. Kila nchi ina masharti yake, kwa hiyo soma ya nchi unayoiomba. Wakimbizi wanaopelekwa nchi ya tatu kupitia UNHCR wana utaratibu wao, na makala hii haiwahusu.

Cheti hiki ni nini

Wengi hukiita hati ya tabia njema, na jina hilo huwachanganya watu. Mtu hudhani barua ya mtendaji wa kijiji au ya padri inatosha kuonyesha kwamba yeye ni mtu mwema. Barua ya mtendaji inakutambulisha tu. Cheti cha polisi kinajibu swali jingine: je, mtu mwenye jina hili na vidole hivi ana kumbukumbu ya kosa la jinai?

Ndiyo maana alama za vidole zinachukuliwa na kulinganishwa na kumbukumbu za taifa, ambazo hazitunzwi kituo cha wilaya. Kwa miaka mingi ofisi inayotoa vyeti hivi imekuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Ngara mjini. Kwa hiyo kabla ya kufunga safari, fika kituo cha polisi cha wilaya yako, onana na watu wa upelelezi, uwaulize mambo matatu: ombi linaanzia wapi kwa sasa, alama za vidole zinaweza kuchukuliwa hapa au Bukoba kwenye ofisi ya mkoa, na ni nyaraka zipi za kuja nazo. Swali hilo moja linaweza kukuokolea nauli ya kwenda na kurudi.

Alama ulizotoa NIDA ulipojiandikisha hazichukui nafasi ya hizi. Hali kadhalika alama utakazotoa baadaye kwenye kituo cha maombi ya viza. Kila moja ina kazi yake.

Hesabu nchi ulizokaa

Hapa ndipo watu wa mpakani tunapokosea zaidi, kwa sababu Rusumo na Kabanga tunavuka kama mtu anayevuka mto kwenda shambani.

Kwa Kanada, cheti kinadaiwa kwa mwombaji na kwa kila mwanafamilia wake mwenye miaka 18 au zaidi. Anayeomba kwa njia ya ujuzi na kazi hutakiwa kuleta cheti cha kila nchi aliyokaa miezi 6 au zaidi mfululizo katika miaka 10 iliyopita, tangu alipotimiza miaka 18. Anayeombewa na mume au mke huanza na cheti cha nchi anayoishi sasa, ikiwa amekaa miezi 6 au zaidi, na cha nchi aliyoishi sehemu kubwa ya maisha yake tangu miaka 18. Baadaye afisa anaweza kudai vya nchi nyingine. Australia nayo huhesabu miezi 12 ndani ya miaka 10, tangu umri wa miaka 16.

Tuchukue mfano wa kijana wa Kabanga anayeomba kwa njia ya ujuzi na kazi. Kila siku ya soko huvuka Kobero na kurudi jioni. Mara kadhaa amekwenda Kampala kununua bidhaa, akakaa wiki mbili mbili. Miaka michache iliyopita alifanya kazi ya ujenzi Kigali kuanzia Januari hadi Novemba. Huyu anahitaji vyeti viwili: cha Tanzania na cha Rwanda. Burundi na Uganda hazimhusu, maana hakukaa huko miezi 6 mfululizo.

Nchi jirani zina ofisi tofauti. Rwanda ombi hufanyika kwenye mtandao wa Irembo, na cheti hutolewa na ofisi ya mashtaka ya taifa. Burundi karatasi hiyo hutoka upande wa sheria na mashtaka, nayo huandikwa kwa Kifaransa. Uganda hutolewa na ofisi ya Interpol ya polisi, Kampala. Kenya ombi huanzia kwenye mtandao wa eCitizen, na alama za vidole hupelekwa kwa idara ya upelelezi wa jinai, DCI.

Ukijaribu nchi fulani ukashindwa kukipata, usikae kimya. Tunza barua na ujumbe wa majaribio yako, kisha andika maelezo na kuambatanisha ushahidi huo kwenye ombi.

Kaa chini na daftari, uandike miaka yako 10 mwezi kwa mwezi: uliishi kijiji gani, mji gani, ukifanya nini. Fomu za Kanada hudai historia isiyo na pengo. Kama hukumbuki mwezi, kumbuka msimu: ulikuwa wapi wakati wa kuvuna mahindi, mtoto alizaliwa lini, shule ilifunguliwa ukiwa wapi. Muulize na mzazi.

Jina moja kwenye karatasi zote

Tandika karatasi zako zote mezani: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, pasipoti, vyeti vya shule, cheti cha ndoa. Soma jina herufi kwa herufi.

Kwetu huku R na L hubadilishana nafasi kutegemea aliyeandika. Kanisani uliandikwa Deogratias, shuleni ukawa Deogratius. Karatasi moja ina majina matatu, nyingine mawili. Tarehe ya kuzaliwa nayo yaweza kuwa ya kukisia kwenye moja na ya kweli kwenye nyingine. Kijijini kila mtu anajua ni wewe. Anayesoma karatasi ng'ambo hakujui, na kwake hao ni watu wawili.

Cheti cha kuzaliwa hushughulikiwa na RITA, ambayo wilayani hufanya kazi kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Makosa ya kitambulisho hupelekwa ofisi ya NIDA ya wilaya. Kama tofauti ni ndogo, wakili au hakimu anaweza kukuandalia kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Ukitaka kubadili jina kabisa, kuna hati rasmi ya kubadili jina inayosajiliwa. Fanya hayo kabla ya kuomba cheti cha polisi, kwa sababu cheti kikishatoka na jina lenye kosa itabidi kuomba kingine.

Wilaya zetu ziko mpakani, na maofisa huuliza kwa kina kuhusu asili ya mtu. Usilichukue swali hilo kama tusi. Nenda na barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji na wa kata, na kama unavyo, vyeti vya wazazi.

Vidole vya mkulima

Jembe, mawe na moto wa jikoni husugua ngozi ya vidole. Mtu akikandamiza kidole kwenye wino, inatoka doa badala ya mistari, na alama zisizosomeka zinaweza kurudishwa. Siku saba hivi kabla ya kwenda, kama unaweza, punguza kazi ya jembe na paka mafuta mikononi asubuhi na usiku. Siku yenyewe osha mikono kwa sabuni, uikaushe vizuri, na usipake mafuta. Kama alama imetoka na ukungu, omba kwa heshima irudiwe palepale. Kama una kidole kilichokatika au kovu, lisemwe na liandikwe kwenye fomu.

Usiwahi mno, usichelewe

Kwa Kanada, cheti cha nchi unayoishi sasa lazima kiwe kimetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya siku ya kuwasilisha ombi. Cha nchi uliyoishi zamani lazima kiwe kimetolewa baada ya wewe kuondoka huko kwa mara ya mwisho. Kwa hiyo anza na cha nchi ya zamani, na cha Tanzania kiombwe mwishoni, nyaraka nyingine zikiwa zimekaribia kukamilika. Ukikichukua mapema kisha ukangoja cheti cha ndoa mwaka mzima, utalipa tena.

Karatasi isiyo ya Kiingereza wala Kifaransa lazima itafsiriwe na mtafsiri. Kwa Kanada, mwombaji na jamaa zake hawaruhusiwi kuifanya kazi hiyo, hata kama mdogo wako ni mwalimu wa Kiingereza.

Kama uliwahi kuhukumiwa

Mtu aliingiza ng'ombe hifadhini, huko ambako sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Akakamatwa, akafikishwa mahakamani, akalipa faini, akarudi nyumbani na kusahau. Mwingine alikutwa na gongo. Hukumu ya mahakama ni hukumu, hata kama ilikuwa faini tu.

Fomu itakuuliza. Jibu ukweli. Nenda mahakama iliyokuhukumu, uombe nakala ya hukumu na uthibitisho kwamba faini ililipwa au kifungo kilimalizika. Si kila kosa hufunga mlango: hutazamwa uzito wake na muda uliopita. Kanada pia ina utaratibu wa kuomba kuhesabiwa umejirekebisha, ambao kwa kawaida huwezekana ikipita miaka 5 tangu adhabu kumalizika. Lakini akigundulika ametoa maelezo ya uongo au cheti cha kughushi, mwombaji huzuiwa kuingia Kanada kwa miaka 5. Kuficha miezi 10 ya Kigali kunaweza kukuumiza kuliko ile faini ya ng'ombe.

Jihadhari na vishoka

Atatokea mtu stendi au kwenye WhatsApp atakayesema ana ndugu ofisini, cheti kinatoka kesho, tuma hela. Cheti kisicho na alama zako za vidole kinatoka wapi? Malipo ya serikali hulipwa kwa namba maalumu ya malipo unayopewa kwa ombi lako, unayoiingiza kwenye simu au kuipeleka benki, nawe unapata risiti. Hayalipwi kwenye namba ya mtu binafsi. Akikudai chochote nje ya hapo, unaweza kuwapigia TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo.

Kwa kifupi

Andika miaka yako 10. Linganisha majina na usahihishe yanayotofautiana. Pata barua za mtendaji. Uliza kituo cha wilaya utaratibu wa sasa. Tafuta vyeti vya nchi ulizoishi zamani. Pumzisha vidole. Mwisho kabisa omba cheti cha Tanzania.

Kikitoka, kisome ukiwa bado ofisini: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti. Kosa likionekana hapo, mwombe afisa alirekebishe kabla hujaondoka. Ukiligundua umeshafika Nyakahura, utarudi ulikotoka. Kipige picha kwa simu, uitume kwa mtu unayemwamini, na chenyewe ukihifadhi pasipoingia maji. Mwenzako anayesubiri ng'ambo naye anahesabu siku.