Masta Silinda Mpya Haitoshi: Hewa Itolewe Kwenye Breki

Anayeteremka kwa gari kutoka Wundanyi kuelekea Mwatate hutegemea breki kona baada ya kona. Wakazi ambao bado wanatumia magari ya zamani, kama vile Land Rover za Series na Peugeot 504, wanakumbushwa kwamba kubadilisha masta silinda pekee hakurudishi breki. Hewa isipotolewa yote kwenye mfumo, gari linaweza kutoka gereji likiwa hatari kuliko lilivyoingia.

Kwa nini hewa ni hatari

Dereva akikanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta ya breki kupitia paipu hadi kwenye magurudumu. Mafuta hayabonyei, kwa hivyo nguvu yote ya mguu hufika. Hewa hubonyea. Kukiwa na mapovu ndani ya paipu, nguvu huishia kuyabana mapovu hayo na pedali huzama bila gari kupunguza mwendo.

Magari mengi yaliyoundwa kabla ya miaka ya 1970 yana hatari zaidi: masta silinda yao ina njia moja tu inayohudumia magurudumu yote manne. Njia hiyo ikivuja au ikiingia hewa, breki zote hupotea kwa pamoja.

Kabla ya kufunga masta silinda

Masta silinda mpya huwa imejaa hewa. Kwa masta silinda nyingi, fundi huibana kwenye jiriwa, huijaza mafuta, kisha huunganisha vipaipu vifupi kutoka kwenye matundu ya kutolea hadi ndani ya kikopo chake cha mafuta. Ncha za vipaipu zizame kwenye mafuta. Bastola isukumwe polepole kwa fimbo butu hadi mapovu yaishe. Hatua hii ikirukwa, hewa inaweza kubaki ndani ya masta silinda hata baada ya kazi ya saa nzima kwenye magurudumu.

Kwa magari yenye breki za drami, viatu vya breki virekebishwe kwanza. Land Rover za Series zina drami kwenye magurudumu yote manne. Viatu vikiwa mbali na drami, pedali hushuka sana, na fundi hudhani ni hewa kumbe ni marekebisho.

Kutoa hewa hatua kwa hatua

Kazi hii inahitaji watu wawili. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe, na likiinuliwa liwekwe kwenye stendi. Jeki pekee haitoshi.

1. Kikopo cha mafuta kijazwe, na kiangaliwe mara kwa mara. Kikikauka katikati ya kazi, hewa huingia tena na kazi huanza upya.

2. Kwa kawaida fundi huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari mengi ya hapa nchini yenye usukani wa kulia, mpangilio ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, kisha mbele kulia. Kijitabu cha gari kikitoa mpangilio tofauti, kifuatwe.

3. Kipaipu cha plastiki kinachoonyesha ndani kivishwe kwenye skrubu ya kutolea hewa, na ncha yake nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta safi ya breki.

4. Msaidizi akanyage pedali polepole na kuishikilia. Fundi afungue skrubu kidogo, mafuta na mapovu yatoke, kisha aifunge. Msaidizi aachilie pedali baada tu ya kuambiwa skrubu imefungwa. Akiachilia mapema, hewa hufyonzwa kurudi ndani.

5. Hatua hiyo irudiwe hadi mafuta yatoke bila povu hata moja, kisha fundi ahamie gurudumu linalofuata.

Mafuta gani yatumike

Itumike aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo au kwenye kijitabu, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4, kutoka kwenye mkebe mpya uliofungwa. DOT 5 ya silikoni isichanganywe na aina hizo. Mafuta ya injini yasitiwe kabisa, kwa kuwa huvimbisha mipira ya breki.

DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishaingia maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu 155. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto, maji hayo hugeuka mvuke, na pedali huzama ghafla. Ndiyo sababu mafuta yaliyotolewa hayarudishwi kwenye gari.

Mafuta hayo ni sumu na huharibu rangi ya gari. Yasimwagwe kwenye mtaro wala kuwekwa kwenye chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuokota.

Kabla ya kurudi barabarani

Injini ikiwa imezimwa, pedali ikanyagwe kwa nguvu na kushikiliwa kwa nusu dakika. Inapaswa kuwa juu na ngumu. Ikipanda baada ya kupigwa mara kadhaa, bado kuna hewa au viatu havijarekebishwa. Ikizama polepole, kuna uvujaji au masta silinda ina kasoro. Viungo vyote vya paipu vikaguliwe, kisha gari lijaribiwe kwa mwendo wa chini mahali tambarare pasipo na watu.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari lililo barabarani liwe katika hali isiyohatarisha wengine. Mwenye gari asikubali kuambiwa kwamba pedali laini "itajikaza yenyewe." Haijikazi. Gari la namna hiyo libaki gereji hadi pedali iwe ngumu.