Rupia ya Mjerumani: Ya Fedha au ya Bandia?

Huenda nyumbani kwenu iko sarafu ya zamani. Labda imefungwa kitambaani ndani ya sanduku la bibi. Labda mtoto aliiokota shambani wakati wa kupalilia maharage. Huenda pia umeanza kupenda kukusanya sarafu za namna hiyo, uzitunze au uziuze baadaye. Ni kazi nzuri. Lakini sarafu za bandia ni nyingi, na wako watu waliouza ng'ombe ili kununua kipande cha bati. Katika somo hili tutajifunza kuitambua rupia ya kweli kwa vitu vinavyopatikana hapa kwetu Kitanga: rula, sumaku, kijiti, uzi na maji.

Rupia zilitoka wapi

Neno rupia limetoka Uhindini. Rupia za Kihindi zilitumika pwani kabla ya Wajerumani kuja. Wajerumani walipotawala waliona watu wamekwisha izoea rupia, kwa hiyo wakatengeneza ya kwao yenye uzito ule ule. Kuanzia mwaka 1890 hadi mwaka 1902 rupia zilitolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1904 hadi mwaka 1914 zilitolewa na serikali yao. Kwanza rupia 1 ilikuwa na pesa 64. Tangu mwaka 1904 ilikuwa na heller 100, na hapo ndipo tulipopata neno letu "hela".

Zilifikaje milimani kwetu? Zilifika kwa kodi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na kwa miaka mingi ilikuwa rupia 3. Mwenye nyumba alilazimika kuzitafuta kwa kuuza mazao, kubeba mizigo, au kufanya kazi katika reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Vita vilipofika, Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916, na wakakaa hadi mwaka 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza. Katika vurugu hizo watu walificha rupia zao. Ndiyo maana zinaonekana hata leo, moja hapa, mbili pale. Lakini mtu akikuambia ana debe zima, jiulize babu yake alilipa kodi kwa kitu gani.

Jinsi matapeli wanavyofanya

Ni vizuri kuujua mchezo wao kabla ya kuijua sarafu. Kwanza anakuja mgeni mmoja, amevaa vizuri. Anaulizia rupia za Mjerumani, na anataja bei kubwa ajabu. Anaacha namba ya simu. Baada ya siku chache anapita mtu wa pili, maskini wa kutupwa, naye anayo rupia. Anataka kuiuza kwa bei ndogo kuliko ile ya mgeni wa kwanza, ila bado ni bei ya ng'ombe. Unampigia simu yule wa kwanza. Anasema, "Inunue haraka, mzee wangu, niko njiani." Unauza ng'ombe, unanunua. Kisha simu haipatikani tena. Watu hao wawili ni kitu kimoja.

Wengine huongeza kwamba rupia hiyo ina nguvu ya ajabu, au kwamba ndani yake mna dawa inayotakiwa Ulaya. Rupia ni fedha na shaba kidogo. Hakuna kitu kingine ndani yake.

Soma kabla ya kupima

Wewe unajua kusoma. Hiyo ndiyo silaha yako ya kwanza, na mimi naiweka mbele ya mizani.

Rupia ya Kampuni ina sura ya mfalme wa Wajerumani, Wilhelm wa Pili. Ana masharubu, na amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Maneno yanayomzunguka ni GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa pili kuna simba na mnazi, na jina la Kampuni: DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT. Rupia ya serikali ina sura ile ile, lakini upande wa pili imeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA, 1 RUPIE na mwaka. Iko pia herufi ndogo, A au J. A ni kiwanda cha Berlin na J ni kiwanda cha Hamburg.

Sasa linganisha jina na mwaka. Sarafu yenye neno GESELLSCHAFT na mwaka 1908 ni ya bandia, kwa sababu Kampuni haikutoa rupia baada ya mwaka 1902. Rupia ya fedha ya mwaka 1916 ni ya bandia, maana ya mwisho ni ya 1914. Iko sarafu kubwa ya rupia 2. Hiyo ilitengenezwa miaka miwili tu, 1893 na 1894, na kwa kuwa ni adimu, matapeli wanaipenda sana. Ukiona rupia 2 ya mwaka mwingine wowote, irudishe kwa mwenyewe.

Chunguza pia herufi zenyewe. Sarafu ya kweli iligongwa kwa mashine yenye nguvu. Ikichakaa, huchakaa pale palipoinuka: shavu la mfalme, kofia, masharubu. Herufi za pembeni hubaki na kingo safi muda mrefu zaidi. Ya bandia mara nyingi imemiminwa katika kalibu kama risasi ya kuvulia samaki. Kila mahali pamelegea sawasawa, hata mabondeni ambako kidole hakifiki. Ina vishimo na vipele vidogo vya hewa. Ukingoni mwa rupia kuna mistari midogo iliyosimama karibu karibu. Kama mistari imekatika, au kuna alama ya mshono inayozunguka ukingo mzima, vipande viwili vimeunganishwa.

Rangi usiiamini. Fedha huwa nyeusi kwa umri, lakini weusi hupatikana pia kwa moshi na kwa kufukia kitu kwenye samadi. Angalia mahali palipochakaa. Pakiwa pekundu, ndani ni shaba. Pakiwa pa njano, ni shaba ya njano.

Pima

Rula ya mtoto wa shule inatosha kwa upana. Rupia 1 ina upana wa milimita 30 na kidogo. Rupia 2 ina milimita 35.

Sumaku utaipata katika spika ya redio mbovu. Sumaku ikiivuta sarafu, hiyo si fedha. Isipoivuta, bado hujashinda, maana shaba na risasi pia hazivutwi. Sauti nayo husaidia. Iweke sarafu juu ya ncha ya kidole, kisha igonge taratibu kwa sarafu nyingine. Fedha hulia kama kengele ndogo, sauti inakawia kuisha. Risasi hutoa sauti ya kugonga udongo. Lakini rupia iliyotiwa kipete ili ivaliwe shingoni hailii vizuri hata ikiwa ya kweli, na uzito wake huwa umezidi.

Uzito ni ushahidi mkubwa zaidi. Rupia 1 mpya ilikuwa na gramu 11.66. Rupia 2 ilikuwa na gramu 23.32. Iliyochakaa hupungua kidogo, labda gramu 11 na nusu. Ikiwa chini ya gramu 11, au ikizidi 11.8 bila kipete, usinunue.

Huna mizani? Tengeneza. Chukua kijiti kilichonyooka, kitundike kwa uzi katikati, na kila mwisho ning'iniza kifuniko cha kopo. Vifuniko viwe sawa, na kijiti kilale sawa kabla ya kuanza. Weka rupia upande mmoja. Upande wa pili tia maji kwa bomba jipya la sindano, ukihesabu mililita. Mililita 1 ya maji ina uzito wa gramu 1. Kijiti kikilala sawa baada ya mililita 11 na nusu hivi, uzito unafaa. Kikilala baada ya mililita 8, una jibu lako.

Tapeli mwenye akili anaweza kutengeneza sarafu ya shaba yenye uzito unaotakiwa, kwa kuifanya nene zaidi. Hapo ndipo maji hutusaidia mara ya pili, ila kwa kazi hii inatakiwa mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Mpelekee sonara sarafu pamoja na uzi mwembamba. Kwanza mpime sarafu kavu, mwandike. Kisha mweke kikombe cha maji juu ya mizani na kuirudisha kwenye sifuri. Ishike sarafu kwa uzi, uizamishe yote, isiguse chini wala pembeni, wala isiwe na mapovu. Mizani itaonyesha namba ndogo. Gawanya uzito wa sarafu kavu kwa namba hiyo.

Kwa rupia ya kweli, 11.66 gawanya kwa 1.13 ni kama 10.3. Namba hiyo ni ya fedha iliyochanganywa na shaba kidogo, kama rupia ilivyo. Shaba tupu hutoa 8.9. Shaba ya njano hutoa 8.5 hivi. Risasi hutoa 11.3. Jibu la namna hii halipakwi moshi.

Usijaribu sarafu kwa tupa wala kwa tindikali, na usiisugue kwa jivu au mchanga. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa sarafu ambayo haijaguswa. Inayong'aa kwa kusuguliwa imepoteza thamani yake, ingawa ni ya kweli.

Sarafu nyingine zinazochanganya watu

Shilingi ya simba ya wakati wa Waingereza iko katika nyumba nyingi, kwa sababu baba na babu zetu walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge na kurudi nazo. Ile ya mwaka 1921 hadi 1946 ina fedha robo tu: katika gramu 7.8 fedha haifiki gramu 2. Za mwaka 1948 na kuendelea hazina fedha kabisa. Hizo si za bandia. Ni za kweli, ila usidanganywe katika bei. Rupia 1, kwa kulinganisha, ina fedha kama gramu 10.7.

Reale yenye sura ya malkia mnene, Maria Theresa wa Austria, ina mwaka 1780 juu yake. Malkia huyo alifariki mwaka huo, na sarafu iliendelea kutengenezwa kwa mwaka ule ule, hata London, Roma na Bombay katika karne ya 20. Inaweza kuwa ya fedha kweli, gramu 28, na bado isiwe ya kale.

Wakati wa vita, mwaka 1916, Wajerumani walitengeneza sarafu Tabora. Za heller 20 ni za shaba au shaba ya njano, na zina herufi T. Njano hiyo si dhahabu. Ya dhahabu ni ile ya rupia 15 yenye tembo. Zilitengenezwa 16,000 na kidogo tu, kwa hiyo anayekuuzia tatu kwa mpigo mtilie shaka.

Kuhusu kuchimba

Watu wengine wanachimba kwenye maboma ya zamani wakitafuta sanduku la Mjerumani. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni ni kosa. Ukifukua kitu cha kale kwa bahati, toa taarifa serikali ya kijiji. Na ukiuziwa ya bandia kwa jina la ya kweli, nenda polisi ukiwa na namba ya simu uliyopewa na sarafu yenyewe. Kujipatia mali ya mtu kwa udanganyifu ni kosa la jinai.

Zoezi

Umeletewa sarafu mbili za rupia 1. Ya kwanza imeandikwa mwaka 1901 na jina la Kampuni. Kavu ina gramu 11.6, na ndani ya maji mizani inaonyesha 1.30. Ya pili imeandikwa mwaka 1907 na jina la Kampuni. Kavu ina gramu 11.5, na ndani ya maji mizani inaonyesha 1.12. Fanya hesabu, kisha waeleze wenzako darasani ungeikubali ipi, na kwa sababu gani.